UA LA MLIMANI NA MAJI YA KIBAMBA

Juu ya meza yangu hapa Kibamba, karibu na dirisha linaloelekea mawio ya jua, pana chungu kidogo cha udongo ambacho upana wake haufiki nusu shubiri. Ndani yake mna mmea mfupi wenye majani manene, yaliyoota malaika laini kama ya mkono wa mtoto mchanga, na katikati ya majani hayo huchomoza maua madogo ya rangi ya zambarau yenye manjano moyoni. Wageni waingiao nyumbani hulisifu, kisha huuliza: "Ua hili umeliagiza Ulaya?" Nikiwajibu kwamba asili yake ni Tanga na Morogoro, hudhani nafanya mzaha.

Wala siwalaumu. Mama yake ua hili, mke wangu alimnunua katika duka moja la maua mjini, na kibandiko kilichokuwa ubavuni mwa kopo lake kilikuwa kimeandikwa kwa lugha ya kigeni. Mtoto wa nyumbani amerejea nyumbani kwa pasi ya ugenini.

Nimeonelea leo niandike juu ya mambo mawili: namna ya kulitunza ua hili ndani ya nyumba, na sababu ya utunzaji huo kutuhusu sisi sote, wa bara na wa visiwani, mwananchi wa kawaida na mtumishi wa serikali. Mambo hayo mawili, kama itakavyodhihirika, ni jambo moja.

ASILI YAKE

Mwishoni mwa karne ya 19, nchi yetu ilipokuwa mikononi mwa Wajerumani, mtawala wao wa wilaya katika Tanga alikuwa Baron Walter von Saint Paul-Illaire. Alikuwa mtu wa elimu. Mwaka 1890 alikuwa amekwisha kuchapisha kitabu cha kuwafundisha Wajerumani wenzake lugha ya Kiswahili. Aliliona ua hili limeota katika miamba yenye kivuli, akampelekea baba yake Ujerumani. Baba yake akamwonyesha Hermann Wendland, mkuu wa bustani za kifalme za Herrenhausen mjini Hannover, naye mwaka 1893 akalitangaza kwa wataalamu kwa jina la Saintpaulia ionantha. Jina la kwanza ni la ukoo wa yule mtawala. Wenyeji waliokuwa wakilipita kila siku njiani mwao, tangu enzi za mababu, hawakutajwa.

Kutoka hapo ua likaenea. Katika miaka ya 1920 bustani moja ya biashara huko Los Angeles iliagiza mbegu kutoka Ulaya, ikachagua aina 10 zilizokuja kuwa chimbuko la aina nyingi za baadaye. Mwaka 1946 wapenzi wa ua hili Marekani waliunda chama chao cha taifa. Leo aina zilizozalishwa na watu zahesabiwa kwa maelfu, na katika nchi za baridi ni nadra kukosa kuliona dirishani mwa mtu. Kwa Kiingereza lina jina la Afrika. Kwa Kijerumani lina jina la Usambara. Mwaka 2015 wataalamu wa mimea walilihamishia katika jenasi ya Streptocarpus, lakini makwao hakukuhama: kwa asili huota Tanzania na sehemu chache za Kenya tu, mahali pengine popote duniani hapana.

Si haki tulalamike kwa sababu mmea umesafiri. Ndugu zetu wa Unguja na Pemba wanajua kwamba mkarafuu asili yake ni visiwa vya Maluku, nao uliletwa mwanzoni mwa karne ya 19 kwa njia ya visiwa vya Bahari ya Hindi vilivyokuwa na Wafaransa. Ulipandwa kwa jasho la watumwa, na baadaye ukawa nguzo ya uchumi wa visiwa hivyo. Mimea husafiri kama wasafirivyo watu. Kinachosikitisha ni kwamba waliopokea mkarafuu walijua wamepokea nini, na sisi tuliotoa ua hili hatukujua tumetoa nini. Wahenga walisema mwacha asili ni mtumwa. Na asili haiachwi kwa kuhama tu, huachwa pia kwa kutojua.

KOSA LANGU

Yule mama wa ua hili nilimwua mimi mwenyewe. Ilikuwa mwezi wa Februari, na jua la Februari hapa Kibamba lajulikana. Nilirudi kazini jioni nikaona majani yamelegea. Nikadhani ni kiu, nikamimina kikombe kizima cha maji. Kesho yake yakalegea zaidi, nikaongeza. Baada ya siku kumi shina lilikuwa limeoza na kunuka.

Nikalichukua hadi kwa bibi mmoja mwenye kitalu cha miche kando ya Barabara ya Morogoro. Baada ya shikamoo na marahaba, hakuniuliza neno, alitia kidole katika udongo, akakitazama, akasema: "Mwanangu, huyu hakufa kwa kiu. Umemzamisha."

Nikamwambia kwamba majani yalikuwa yamelegea. Akajibu: "Jani likilegea na udongo umekauka, ni kiu. Jani likilegea na udongo umelowa, mizizi imeoza, na ukiongeza maji unamaliza kazi. Kwanza kidole, halafu kikombe."

Niliona haya. Kwa miaka mingi nimekaa katika vikao nikiwakemea wenzangu wanaopeleka dawa kabla ya kuuliza ugonjwa, na kumbe nyumbani kwangu nilikuwa nikifanya lilelile. Tena tangu utotoni, chuoni, mwalimu wetu alitufunza kwamba israfu ya maji ni makosa hata mtu akitawadha kando ya mto utiririkao. Somo hilo nilidhani la udhu peke yake.

Bibi yule alipekua ule mzoga wa mmea, akapata jani moja lililo zima. Akakata kikonyo chake mshazari, akaacha urefu wa sentimita 3 hivi, akakichomeka katika mchanga wenye unyevu ndani ya chupa ya plastiki iliyokatwa, akaniambia niiweke mahali penye mwanga pasipopigwa na jua. Baada ya mwezi mmoja kikonyo kikawa na mizizi. Baada ya miezi mitatu vimea vidogo vikachomoza ubavuni mwake. Kimoja cha vimea hivyo ndicho kilichoko mezani pangu.

KUBADILI CHUNGU

Haya ndiyo aliyonifunza, na nimeyahakiki kwa mikono yangu.

La kwanza, chungu kiwe kidogo. Mizizi ya ua hili ni myembamba na haishuki mbali, kwa sababu huko mlimani imezoea kujishikiza katika ufa wa jiwe penye udongo wa kujaza kiganja. Kipimo ni theluthi moja: majani yakienea upana wa sentimita 30, chungu kiwe cha sentimita 10. Chungu kikubwa hushika maji mengi kuliko mizizi iwezavyo kunywa, na yale yanayobaki ndiyo yanayoozesha.

La pili, udongo uwe mwepesi. Udongo wa uani kwetu hushikamana ukilowa na kupasuka ukikauka. Haufai peke yake. Changanya sehemu sawa za mboji ya majani yaliyooza vizuri, usumba wa makumbi ya nazi, na mchanga wa mto wenye chembe kubwa au makaa yaliyopondwa. Ndugu zetu wa visiwani wanayo makumbi kutushinda, lakini waangalie jambo moja: makumbi yaliyofukiwa pwani kwa ajili ya kusokota kamba yamejaa chumvi, na hayana budi kusuuzwa kwa maji matamu mara kadhaa kabla ya kutumiwa.

La tatu ni wakati wake. Mmea huu hukua kwa kutoa majani mapya juu na kupoteza ya chini, hata shina likabaki tupu kama mnazi mdogo. Ukiona hivyo, au mwaka umetimia, badilisha chungu. Toa mmea pamoja na donge la mizizi yake. Ondoa majani ya chini yaliyozeeka. Kwaruza shingo polepole kwa kisu butu. Kisha kata sehemu ya chini ya donge la mizizi, kiasi kilekile cha urefu wa ile shingo tupu, uteremshe mmea hata majani ya chini yakaribie mdomo wa chungu, halafu ujaze udongo mpya bila kuushindilia. Moyo huingiwa na hofu wakati wa kukata, lakini shingo iliyofukiwa itatoa mizizi mipya, na mmea utakuwa kijana tena.

La nne ni maji. Weka chungu katika kisahani chenye maji kwa muda wa nusu saa, mmea unywe kwa chini, kisha umwage yaliyobaki. Usinyweshe tena mpaka udongo wa juu uguswe na kuonekana mkavu. Maji ya bomba yalale usiku kucha katika ndoo iliyo wazi. Maji ya kisima chenye chumvi, ambayo wengi wetu pembezoni mwa Dar es Salaam tunayajua, huacha ukoko mweupe mdomoni mwa chungu, na vikonyo vinavyougusa huungua. Maji ya mvua ndiyo bora kuliko yote.

UNYEVU WA HEWA

Ua hili halipendi matope, lapenda hewa yenye unyevu. Wengi huchanganya mambo hayo mawili, nami nilikuwa mmoja wao. Mlimani mizizi yake imo katika jiwe linalochuja maji upesi, lakini majani yake yamo katika hewa ya ukungu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, karibu na kijito.

Pwani yetu haikosi unyevu. Adui wa ua ndani ya nyumba zetu ni joto, vumbi, pangaboi na kiyoyozi. Watumishi wa ofisini wanaopenda kuweka maua juu ya meza wajue kwamba kiyoyozi hukausha hewa. Ua likiwekwa mkabala nacho, kingo za majani hugeuka kahawia na matumba hudondoka kabla ya kufunua. Dawa yake ni rahisi. Chukua sinia, itandaze changarawe, tia maji yasiyofunika changarawe, kisha weka chungu juu yake bila kitako chake kugusa maji. Maji yanayopanda kuwa mvuke hulizunguka ua kama ukungu wa mlimani. Vyungu viwili au vitatu vikiwekwa pamoja husaidiana, kila mmoja akimpa jirani yake unyevu wa pumzi yake.

Usirashie majani maji, kwa kuwa yale malaika huyashika, na jua likiyapata huacha mabaka. Vumbi la Kibamba liondolewe kwa brashi laini. Ua lipate mwanga wa asubuhi, si jua la mchana. Hustawi zaidi joto likiwa kati ya nyuzi 18 na 26, kwa hiyo katika miezi ya kaskazi usistaajabu likipumzika kutoa maua. Lisogeze mahali palipo baridi zaidi nyumbani, nalo litarejea upepo wa kusi ukianza.

MLIMA NA BOMBA

Siku moja, nikijaza lile sinia, nilijiuliza: maji haya ninayoyatumia kuigiza ukungu wa mlimani yametoka wapi?

Maji ya bomba yafikayo Kibamba hutoka katika mtambo wa Ruvu Juu, ulioko Mlandizi katika Mkoa wa Pwani. Mtambo huo una uwezo wa kutoa lita milioni 196 kwa siku. Mwenzake wa Ruvu Chini una uwezo wa lita milioni 270. Hiyo miwili ndiyo mihimili ya maji ya Dar es Salaam. Mto Ruvu nao huzaliwa katika Milima ya Uluguru, na katika miamba yenye kuvumwani ya milima hiyohiyo huota ndugu wa ua lililoko mezani pangu.

Si sadfa. Upepo utokao Bahari ya Hindi hufika na mvuke wake, hupanda miteremko ya mashariki, hupoa na kuwa wingu. Sehemu za miteremko hiyo hupata mvua ya zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Miti huyapokea mawingu hayo, huyadondosha taratibu juu ya mboji, na mboji huyaachia kidogo kidogo mpaka kiangazi. Msitu ni kama lile sinia la changarawe: hutunza maji bila kuyatuamisha. Miti ikikatwa, jua huupiga mwamba, kuvumwani hukauka, na ua hufa. Mvua ikinyesha hapo, maji huteremka kwa siku moja pamoja na udongo, kisha mto hubaki na kiu. Kwa hiyo anayetaka kujua hali ya chanzo cha maji aliangalie ua hili. Linapotoweka, unyevu umeshaanza kuondoka.

Wakazi wa Dar es Salaam hawahitaji kusimuliwa. Mwishoni mwa mwaka 2021, na tena mwaka 2022, Ruvu ulipopungua, tuligawiwa maji kwa zamu, na ndoo zikapanga foleni mitaani. Sababu ya kwanza ilikuwa uhaba wa mvua, wala si haki kumtwisha mkulima wa mlimani lawama yote. Yeye hulima mteremko kwa kuwa hana pengine pa kulima. Na sisi wa mjini, je? Magunia ya mkaa yapitayo kila siku mbele ya nyumba zetu katika Barabara ya Morogoro hayapikii chakula cha watu wa milimani, yapikia chetu.

Serikali haikulala. Katika Usambara Mashariki, ambako mashine za mbao ziliingia msituni katika miaka ya 1970, ukataji huo ulisimamishwa katika miaka ya 1980, na mwaka 1997 ikatangazwa Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Amani. Uluguru ikapata hadhi kama hiyo mwaka 2008. Serikali imeamua pia kujenga bwawa la Kidunda ili kuhifadhi maji ya Ruvu. Yote hayo ni mema. Lakini bwawa ni mtungi. Mtungi haujazi maji wenyewe.

UPANDE WA VISIWANI

Msomaji wa kisiwani asidhani kwamba haya ni ya bara. Unguja na Pemba hazina mlima wa kukinga mawingu kama Uluguru; zategemea mvua inayozama ardhini na kuchotwa visimani na chemchemini. Msitu wa Masingini, juu ya Mji wa Zanzibar, umehifadhiwa kwa sababu hiyohiyo: chini yake ndimo yanamotunzwa maji ya mjini. Katika karne ya 19 Seyyid Barghash alivuta maji ya chemchemi kwa mifereji mpaka mjini, na wazee wakamkumbuka kwa hilo. Mifereji ilihitaji chemchemi, na chemchemi zilihitaji miti. Kila ekari inayovamiwa karibu na chanzo cha maji ni jani moja lililong'olewa katika mmea ule ule.

LA KUFANYA

Mwaka 1972 Chama kilitangaza kwamba siasa ni kilimo. Kauli hiyo ilituelekeza kwenye mahindi na mpunga, na ndivyo ilivyopasa, kwa maana mtu hali maua. Lakini mazao ya wengine duniani ni maua, na moja katika yale yanayopendwa sana limetoka kwetu. Linaota kutokana na jani moja, ndani ya chupa iliyokwisha kutupwa, katika nafasi ya dirisha. Mama mwenye kitalu Kibamba, au kikundi cha vijana Mjini Magharibi, aweza kulizalisha bila shamba. Shule zetu zaweza kuliotesha darasani, watoto wakajifunza kwa jani hilo moja elimu ya mimea, historia na jiografia ya nchi yao.

Ila mtu asiende kung'oa mlimani. Yale ya msituni ni akiba, na baadhi ya aina zake zimebaki mahali pachache mno. Jani lichukuliwe kwa jirani, kutoka katika mmea uliokwisha zalishwa nyumbani.

Na kwenu, ndugu zangu mnaoshika madaraka, nina ombi dogo. Mpango wa kuhifadhi chanzo cha maji unapoletwa mezani, na pamoja nao maombi ya kukata eneo fulani kwa ajili ya shamba, mbao au nyumba, msiamue kwa karatasi peke yake. Nendeni mkaone. Mwulizeni mkulima wa mteremko anahitaji nini ili aache kupanda juu zaidi, maana asipopata jibu atapanda, hata tuweke walinzi wangapi. Bibi yule wa Barabara ya Morogoro hana cheo, lakini kanuni yake yafaa kubandikwa katika kila ofisi inayogawa maji, ardhi au misitu: kwanza kidole katika udongo, halafu kikombe.